Kuhamisha Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Darasani methali hii huelezwa kwa mfano wa mwenye duka: asiyeandika anachouza na anachokopesha, siku moja atakuta rafu tupu na asijue bidhaa zilikwenda wapi. Lakini kuna daftari jingine ambalo wengi wetu hatulioni, nalo ni lile linalotunzwa na waandishi wa programu za kompyuta. Humo huandikwa kila badiliko: nini kilibadilishwa, lini, na nani, kwa sababu gani. Insha hii inahusu jinsi kundi letu lilivyolihamisha daftari la aina hiyo kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, hapa Kamembe, wilayani Rusizi. Kwa mbali ni kazi ya mafundi. Kwa karibu ilikuwa mjadala kuhusu maneno na majina ya watu, na ndiyo maana mwanafunzi wa Kiswahili ana la kusema.

Nianze na maelezo machache kwa wenzangu wa fasihi na isimu. Chukua kamusi inayoandikwa na watu kumi, kila mmoja nyumbani kwake. Wakitumiana faili kwa baruapepe, baada ya wiki mbili kutakuwa na faili iitwayo "kamusi mpya", nyingine "kamusi mpya kabisa", na nyingine "kamusi mpya ya mwisho", na hakuna atakayejua ipi ndiyo yenyewe. Mfumo wa kutunza matoleo huondoa fujo hiyo. Kila mmoja hufanya kazi yake, mfumo hukusanya mabadiliko, na watu wawili wakigusa mstari mmoja, mfumo huwaambia wakae wapatane.

Mifumo hiyo ni mingi, lakini miwili inahusu habari yangu. Wa kwanza ni Subversion, ulioanza kutengenezwa mwaka 2000. Huu una ghala moja katika seva moja. Unachukua faili, unazihariri, kisha unazirudisha, na kila zinaporudishwa ghala hutoa namba mpya: 1, 2, 3, na kuendelea. Historia yote hukaa kwenye seva. Wewe una toleo ulilochukua, basi. Wa pili ni Git. Huu ulitengenezwa na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwezi Aprili 2005, baada ya kampuni iliyokuwa ikiwaruhusu watengenezaji wa Linux kutumia mfumo wake wa BitKeeper bila malipo kuiondoa ruhusa hiyo. Katika Git, kila anayechukua kazi huchukua pia historia yake yote, tangu ingizo la kwanza. Badala ya namba ya foleni, kila ingizo hupewa alama ndefu ya herufi na tarakimu 40. Alama hiyo hukokotolewa kutokana na yaliyomo, jina la mwandishi, tarehe, na alama ya ingizo lililotangulia. Ukigusa hata nukta moja ya ingizo la zamani, alama yake hubadilika, na alama za maingizo yote yaliyolifuata hubadilika pia. Ni daftari ambalo kila ukurasa umeshonwa kwenye ukurasa ulio nyuma yake.

Miradi mingi ya programu huria imehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Lugha ya Python ilitoka Subversion ikaenda Mercurial mwaka 2011, kisha ikahamia Git mwaka 2017. Lakini mfano ulionigusa mimi ni wa karibu zaidi, na niliupata kwa kaka yangu mkubwa, ambaye kazi yake ni kutunza kompyuta za wagonjwa hospitalini. Mfano huo ni OpenMRS.

OpenMRS ni programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Wazo lake lilizaliwa mwaka 2004, kutokana na kazi ya madaktari wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Marekani, waliokuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi katika mpango wa UKIMWI wa AMPATH, Eldoret. Wagonjwa walikuwa wakiongezeka kuliko uwezo wa mfumo uliokuwapo. Shirika la Partners In Health likaungana nao. Mwaka 2006 programu ilianza kutumika Eldoret, na mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda. Baadaye Wizara ya Afya yetu iliichukua kwa ajili ya vituo vya nchi nzima. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya programu huria, hatuzungumzi juu ya mambo ya Wazungu wa mbali. Moja ya programu huria zinazojulikana zaidi duniani katika sekta ya afya ilijifunza kutembea Eldoret na Rwinkwavu.

Msimbo wa OpenMRS ulitunzwa kwanza katika Subversion. Fikiria maana yake kwa mtengenezaji wa Kigali au Eldoret katika miaka ile. Kabla ya mkebo wa SEACOM kuanza kazi baharini mwezi Julai 2009, intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti, nayo ilikuwa ya polepole na ghali. Mtu aliyetaka kuangalia kwa nini mstari fulani uliandikwa hivyo mwaka uliopita, ilimbidi aiulize seva. Mtandao ukikatika, historia imekatika. Angeweza kuhariri, lakini hangeweza kuandika daftarini alichokifanya mpaka mtandao urudi. Kwa mwenzake aliyekaa karibu na seva, hilo halikuwa tatizo. Mfumo uleule uliwapa watu wawili nafasi mbili tofauti, bila mtu yeyote kukusudia ubaguzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mradi ulihamia Git, na tangu hapo aliye Kigali na aliye Indianapolis wana daftari zima, kila mmoja kwenye kompyuta yake.

Kaka yangu alinionyesha mambo mawili katika daftari la OpenMRS ambayo sijayasahau. La kwanza ni kwamba maingizo ya zamani bado yana mstari wa mwisho unaotaja namba yake katika ghala la Subversion, na mahali pa baruapepe ya mwandishi pana jina lake fupi likifuatwa na msururu wa herufi na tarakimu, ambao ni kitambulisho cha ghala la zamani. Mtu alihama na vumbi la njiani likabaki kwenye viatu. La pili ni la wanaisimu. Hitilafu na maombi ya mradi huandikwa kwa namba zinazotanguliwa na neno la Kiingereza TRUNK, yaani shina la mti. Shina ndilo lilikuwa jina la njia kuu ya msimbo katika Subversion. Git haina desturi hiyo, lakini neno limebaki. Sisi Waswahili tunalijua jambo hili: gari moshi limeendelea kuitwa gari moshi hata pale moshi ulipokwisha. Chombo huondoka, neno hubaki likikaa kwenye nyumba ya mwenyewe aliyehama.

Sasa nije kwetu. Rusizi ni wilaya ya mpakani. Ukivuka daraja la mto Ruzizi uko Bukavu, Kongo, na kila siku watu huvuka kwa biashara, shule na matibabu. Kiswahili cha Kamembe sokoni si kile cha vitabuni, na cha Bukavu kina njia zake. Hospitalini tofauti hizo si mapambo. Mgonjwa anasema neno, muuguzi anasikia jingine. Mwaka 2014 mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa hapa, alianza orodha ya maneno ya afya kwa Kiswahili sanifu, Kiswahili cha Bukavu, Kinyarwanda na Kifaransa. Aliiweka huria: yeyote achukue, atumie, asahihishe, mradi asiifungie wengine. Vijana wa pande zote mbili wakaungana naye, na mmoja wao akaandika programu ndogo ya kuisoma orodha hiyo kwenye simu. Mimi niliingia mwaka 2019, nikiwa bado sekondari. Majina ya wenzangu sitayataja hapa, kwa kuwa sikuwaomba ruhusa. Mwanzilishi nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita sote.

Mwalimu alichagua Subversion kwa sababu ndiyo aliyofundishwa. Ghala lilikaa kwenye kompyuta moja katika ofisi ya mwenzetu mjini Bukavu, palipokuwa na betri na sola. Kwa miaka kadhaa ilitosha. Kisha Machi 2020 mipaka ikafungwa kwa sababu ya Korona. Mwenzetu alikuwa amekwenda kijijini, kompyuta ikazimika, na kwa wiki tatu hakuna aliyeweza kuingiza neno. Ndizo wiki ambazo maneno yalikuwa yakihitajika kuliko wakati wowote: barakoa, karantini, kupima, kukaa mbalimbali. Watu walikuwa wakiyauliza mitaani. Sisi tulikuwa nayo kwenye karatasi na kwenye simu, kila mtu na yake, na tulipofanikiwa kuifikia kompyuta tena tulikuta tumeandika "barakoa" kwa maelezo manne yanayopishana.

Baada ya hapo kaka yangu alianza kusema tuhamie Git. Mwalimu alikataa, na hoja yake haikuwa ya ukaidi. Alisema: "Kundi lenye daftari moja lina neno moja. Kila mtu akiwa na daftari lake, nani atasema lipi ni la kweli?" Ni swali zuri. Jibu la kaka lilikuwa kwamba ukweli hautoki kwenye mahali daftari linapokaa. Unatoka kwenye makubaliano ya watu, na alama zile ndefu zinasaidia kuonyesha kama nakala mbili ni sawa au la. Walibishana kwa adabu mwaka mzima. Mwalimu alifariki mwaka 2021 bila kukubali wala kukataza. Desemba 2023, wakati wa likizo, tulikutana Kamembe watu saba, tukaamua kuhama.

Kabla ya kompyuta kuguswa, lugha ilitukwamisha. Katika miaka ya Subversion tulikuwa na kitenzi kimoja, kutuma. "Umetuma?" maana yake: umemaliza, umeandika sababu, na kazi imefika ghalani? Katika Subversion mambo hayo hutokea kwa pigo moja, kwa hiyo kitenzi kimoja kilitosha. Katika Git ni mambo mawili. Kwanza unaandika ingizo kwenye daftari lako mwenyewe, hata ukiwa ndani ya mtumbwi katikati ya ziwa Kivu. Baadaye, ukipata mtandao, unalipeleka kwa wenzako. Siku ya kwanza ya mafunzo, mwenzetu mmoja alisema ametuma, na kweli kwa mazoea ya zamani alikuwa ametuma, lakini hakuna aliyeona kitu. Kazi yake ilikuwa imeandikwa kwake, haijapelekwa.

Tulijaribu maneno mengi. "Kukabidhi" lilikataliwa kwa sababu mtu hawezi kujikabidhi kitu mwenyewe. "Kuhifadhi" lilikuwa tayari limechukuliwa na kuhifadhi faili kwa kawaida. Mwishowe tukakaa na "kuingiza" kwa kuandika daftarini, na jina lake "ingizo". "Kupeleka" kwa kuwapa wenzako. Na "kuvuta" kwa kupokea yao. "Tawi" halikuleta shida, maana Kiswahili kina matawi ya miti, ya benki na ya vyama. Njia kuu tukaiacha iitwe "shina", kama Mwalimu alivyoiita. Git haikuhitaji hivyo, lakini tulitaka jina hilo libaki. Nawaambia wenzangu wanaosoma uundaji wa istilahi: mara nyingi tunafundishwa kwamba istilahi hutafutwa kwa ajili ya kitu kipya. Hapa kitu kilikuwa kilekile, daftari, ila kitendo kimoja kilipasuka kuwa viwili, na kitenzi kikabidi kipasuke nacho.

Baada ya vitenzi zikaja nomino, nazo zilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu zilikuwa majina ya watu.

Subversion ilikuwa imeandika kwa kila ingizo jina fupi la mtumiaji tu. Git hutaka jina kamili na baruapepe. Kwa hiyo kabla ya kuhama huandaliwa faili moja ya mawasiliano: upande wa kushoto jina fupi la zamani, upande wa kulia jina kamili na anwani. Mistari yetu ilikuwa michache, lakini mitatu ilitukalisha siku mbili.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa Mwalimu. Jina fupi lake lilikuwa "mwl". Upande wa kulia tuandike nini? Wawili wetu tulikwenda kwa mjane wake kumuuliza. Alisikiliza, akauliza anwani hiyo ni ya nini. Tukamweleza. Akasema, "Na barua zikija, nani atazijibu?" Tukamwambia tunaweza kuweka anwani isiyofika popote. Akakubali, kisha akatuambia jina liandikwe kama mumewe alivyokuwa akilitia sahihi kwenye ripoti za wanafunzi, la ukoo kwanza. Ndivyo lilivyo hadi leo, katika maingizo mamia kadhaa.

Mstari wa pili ulikuwa jina fupi "bukavu". Hilo lilitumiwa na watu watatu tofauti waliogawana nywila moja, kwa sababu wakati ule ndivyo ilivyokuwa rahisi. Hakuna njia ya kujua ingizo lipi ni la nani. Tukaandika hivyohivyo: "Wenzetu wa Bukavu". Si jina la mtu, lakini si uongo.

Mstari wa tatu haukuwamo kwenye faili kabisa, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Kuna mkunga mstaafu, mama wa makamo ya uzeeni, ambaye sote tunamwita Mama Mkunga. Hatumii kompyuta. Kwa miaka mingi amekuwa akitupa maneno kwa mdomo, au kwa daftari la karatasi, au kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Maneno mengi ya uzazi katika orodha yetu ni yake. Lakini daftarini hayupo. Yupo kijana aliyechapa.

Nitoe mfano mmoja ili uzito wake uonekane. Neno "mganga" limebadilishwa mara tatu. Kwanza liliandikwa kuwa ni daktari. Kisha mmoja wetu aliyesoma Tanzania akalibadilisha, akaandika kwamba ni mtaalamu wa tiba za asili, kwani ndivyo watu wengi huko huelewa wakisikia neno hilo peke yake. Mara ya tatu likaongezwa kwamba Bukavu na Rusizi "muganga" ni tabibu wa hospitali, kama ilivyo katika Kinyarwanda. Sababu iliyoandikwa kwenye ingizo la tatu ni hii: "Mama Mkunga anasema mgonjwa wa huku akitaka kumwona muganga, anamtaka daktari. Msimpeleke kwingine." Ukisoma orodha peke yake unaona maana mbili zimepangwa vizuri. Ukisoma daftari unaona hoja, na unaona kwamba iliyeimaliza ni mama aliyekaa wodini miaka thelathini. Ila kwenye nafasi ya mwandishi kuna jina fupi la kijana wa miaka kumi na saba.

Git ina jambo ambalo Subversion haikuwa nalo. Kwa kila ingizo hutenga nafasi mbili: ya aliyetunga na ya aliyeingiza. Anayechapa kwa niaba ya mwingine anaweza kusema hivyo waziwazi. Kwa maingizo ya baadaye hakukuwa na mjadala. Swali lilikuwa juu ya yale ya zamani. Kama tungetaka kumweka Mama Mkunga mahali pake, wakati ulikuwa ule, wakati wa kuhama, kabla kurasa hazijashonwa na kugawiwa kwa watu. Baada ya hapo kila sahihisho la nyuma lingebadilisha alama zote zilizofuata, na nakala za watu zisingelingana tena.

Mwenzetu wa Bukavu, mwenye ile kompyuta, alipinga. Alisema, "Leo mnalisafisha daftari kwa nia njema. Kesho mwingine atalisafisha kwa nia yake. Daftari likisha kusafishwa mara moja, nani ataliamini?" Alisema pia kwamba historia si tuzo. Aliyechapa alichapa kweli, saa ile, tarehe ile. Kaka yangu akajibu kwamba daftari la zamani lenyewe lilikuwa halijasema ukweli wote, kwa kuwa halikuwa na nafasi ya kuusema. "Hatubadilishi kilichosemwa," alisema, "tunaandika aliyekisema."

Mimi nilikuwa upande wa kaka, lakini hoja ya mwenzetu haikunitoka. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tunaijua vizuri. Bibi husimulia, mtafiti hurekodi, kitabu hutoka na jina la mtafiti. Wengi wetu tumelalamikia hilo katika mitihani. Lakini pia tunamlaumu mhariri anayegusa maandishi ya kale na kuyanyoosha bila kusema amegusa wapi. Malalamiko hayo mawili yalikuwa yamekaa mezani yakitazamana, na yote yalikuwa ya haki.

Tulifikia makubaliano ya masharti matatu. La kwanza, jina la Mama Mkunga litawekwa kama mtunzi pale tu ambapo sababu iliyoandikwa wakati ule inamtaja. Pasipomtaja, hata kama sote tunakumbuka kuwa ni yeye, pabaki kama palivyo. La pili, aliyechapa abaki kwenye nafasi ya aliyeingiza, asifutwe. La tatu, ghala lote la Subversion litolewe kama faili moja, lisiguswe, na kila mmoja wetu apewe nakala yake pamoja na daftari jipya, ili yeyote mwenye shaka alinganishe. Sharti hili la tatu ndilo lililomridhisha mwenzetu wa Bukavu. Alisema mtu aliyepakwa rangi upya nyumba yake na akabaki na picha ya zamani ukutani, huyo hadanganyi.

Uhamisho wenyewe ulichukua usiku mmoja. Kompyuta ilisoma ghala la zamani ingizo kwa ingizo, ikiliandika upya upande wa pili, nasi tukikunywa chai na kula sambaza za kukaanga. Tulisimama mara mbili: mara ya kwanza umeme ulipokatika, mara ya pili ilipokutana na jina fupi ambalo hatukulikumbuka. Likawa la kijana aliyeingia siku moja, akasahihisha herufi moja katika neno la Kifaransa, asionekane tena. Tulimtafuta kwa simu asubuhi yake. Alishangaa, akacheka, akatupa jina lake kamili.

Yako tuliyoyapoteza. Zamani tulikuwa tukisema "angalia mia tatu na kumi", na kila mtu akajua ni ingizo lipi. Hakuna anayekumbuka herufi na tarakimu 40, wala saba za mwanzo ambazo hutumiwa kwa kifupi. Namba za zamani zilizotajwa ndani ya jumbe zetu hazielekezi popote, isipokuwa ukifungua faili ya Subversion. Wawili kati yetu waliona mfumo mpya ni mzito, na mmoja hajaurudia.

Pia kuna tahadhari. Git humpa kila mtu daftari, lakini watu wengi huweka nakala yao ya pamoja katika tovuti ya kampuni moja, kisha wakaacha kuvuta nakala kwao. Huko ni kurudi kwenye rafu moja kwa mlango wa nyuma. Google Code, ambayo miradi mingi huria iliitumia, ilifungwa Januari 2016. Waliokuwa na nakala zao walihama bila wasiwasi. Sisi tunayo nakala ya pamoja mtandaoni, lakini tumewekeana desturi kwamba kila mwisho wa mwezi kila mmoja anavuta.

Desturi hiyo ilipimwa mapema kuliko tulivyotarajia. Katikati ya Februari 2025, M23 iliingia Bukavu. Ofisi ya mwenzetu ilifungwa, na kompyuta ile iliyokuwa ghala letu kwa miaka tisa haikuwashwa tena. Kwa siku kadhaa hatukujua wenzetu wako wapi, na nisingependa msomaji adhani kwamba katika siku hizo tulifikiria orodha ya maneno. Tulifikiria watu. Lakini walipopatikana, mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao akauliza juu ya orodha, jibu lilikuwa fupi: ipo, yote, kwa kila mtu. Yeye mwenyewe alikuwa nayo kwenye kompyuta ndogo aliyoibeba mgongoni. Alikuwa ameandika maingizo mawili njiani, bila mtandao. Yalipofika kwetu, yalikuja na tarehe za siku alizoyaandika.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na tangu hapo tunasikia wito wa kutengeneza kamusi, orodha na vitabu. Ni wito mzuri. Ombi langu kwa wenzangu na kwa walimu wetu ni dogo. Tunapokusanya maneno ya watu wa Kamembe, Bugarama au Nyamasheke, tusiishie kutunza neno. Tutunze na nani alilisema, nani aliliandika, na kwa nini lilibadilishwa. Tena tuyatunze mahali ambapo kila aliyechangia anaweza kuwa na nakala yake. Mfumo wowote utakaotumika sasa utazeeka, na siku moja mtu atalazimika kuhamisha. Atakapokaa kuandaa ile faili ya majina, asikute upande wa kulia patupu.

Mama Mkunga tulimwonyesha daftari jipya kwenye simu. Aliomba tumsomee lile ingizo la "mganga". Tulipomaliza akasema, "Sawa. Lakini mmesahau maneno ya kunyonyesha," akaanza kuyataja.